Mbao Zilizoishia Ghorofa ya Chini

Nyumba yetu ya Katesh ilikuwa na ghorofa moja tu, lakini kwa miaka mingi mtu alipomwelekeza mgeni mjini alimwambia "nenda mpaka pale ghorofani," na mgeni akafika bila kuuliza tena. Baba aliijenga wakati biashara zilipofunguliwa na kila mwenye lori na pumzi akaruhusiwa kununua na kuuza. Alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyekuja Hanang akiwa kijana. Aliuza chumvi, akauza vitenge, mwishowe akatulia kwenye mbao. Chini aliweka fremu za maduka, juu vyumba vya kupangisha, na chumba kimoja cha mbele, kinachotazama barabara na mlima, akakibakiza kwa ajili yake na mama. Mama alifariki mimi nikiwa chuoni. Baba akabaki mle ndani na kitanda chao, redio yake na msala.

Saruji enzi zile ilipatikana kwa kubembeleza. Kuta zilijengwa kwa tofali za kuchoma, na plasta ya mbele ilikuwa mchanga mtupu uliowekewa saruji kidogo kwa kuona haya. Mwanzoni haikuonekana. Lakini mvua ya Katesh hainyeshi kwa adabu, inakuja ubavuni. Upepo unaichukua kule mlimani na kuipiga ukutani. Plasta ikaanza kuvimba, ikapasuka, ikadondoka mbele ya maduka. Halafu ikaanza kujengwa lami ya kutoka Babati kwenda Singida. Malori ya mawe yalipita kutwa mbele ya nyumba, na kila likipita, kipande kingine kilianguka. Ndani ya chumba cha baba ukungu mweusi ulipanda kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Godoro lilinuka. Baba akaanza kukohoa.

Mimi nilikuwa Babati. Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha, ofisi mpya zilihitaji watu, nami nikapata kazi huko, nikapanga nyumba yenye chumba cha ziada. Chumba hicho nilikitandika kwa ajili ya baba, nikaweka na ndoo ya udhu. Mpaka wakati huo hakuwa amelala humo hata siku moja. Nilipompeleka hospitali kwa ajili ya kifua, daktari alituambia waziwazi: mzee huyu asilale tena kwenye unyevu, mapafu yake hayatastahimili masika mengine. Ama ukuta ukauke, ama yeye ahame. Baba alisikia nusu ya kwanza tu.

"Ukuta utakauka," akaniambia tukiwa bado kwenye benchi la hospitali. "Nitauvalisha mbao."

Nilidhani ni homa. Wenye nyumba wote wa barabarani wakati ule walikuwa wanabandika vigae, au wanaweka vioo vile vya bluu vinavyomfanya mtu ajione mfupi. Kaka yangu aliyekuwa Mwanza alipiga simu akasema mbao ni mambo ya mabanda, kwamba tutachekwa. Na kweli tulichekwa. Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ng'ambo ya barabara, alikuwa akimsalimia baba kila asubuhi na kumuuliza banda la kuku la ghorofa limefikia wapi.

Baba hakujali. Alikuwa ameuza mbao maisha yake yote, na hapo uzeeni akataka kwa mara moja kuzivaa mwenyewe. Alinieleza jambo lake kwa subira, akitumia mkate na kitambaa cha meza. Huu ndio ukuta, mkate. Unapigilia papi zikiwa wima, vipande vyembamba vya mbao. Juu ya papi unalaza mbao, ya juu ikiikalia ya chini kidogo, kama vigae vya paa. Mvua inagonga mbao, inateleza, inashuka. Nyuma ya mbao panabaki nafasi, hewa inapita, tofali zinakauka zenyewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikajikuta sina la kupinga. Tena nilifurahi. Niliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, baba alikuwa anapanga jambo la mwakani.

Fundi alikuwa mmoja tu, na wala halikuwa jambo la kujadili. Alikuwa Mwiraqw wa Gitting, mzee wa kanisa, ambaye alianza kufanya kazi na baba tangu yadi ya mbao ilipokuwa bati nne na nguzo. Walizeeka pamoja wakitaniana. Baba alimwambia Wambulu, ndio hao Wairaqw, hawakujua kula mpaka Warangi walipokuja na pilau. Yeye alimwambia baba Warangi wangekufa kwa baridi kama Wambulu wasingewauzia magunzi ya kukokea moto. Siku ya Idi fundi alikuja na mke wake kula kwetu. Krismasi baba alipanda kwenda Gitting, na mbuzi wa siku hiyo alingoja baba afike amchinje mwenyewe, ili naye apate kula. Mimi nilimsalimia shikamoo kabla sijajua kwamba kuna watu wengine wa kuwasalimia hivyo.

Mbao zilitoka Masieda, kwa mkulima aliyepanda saipresi mpakani mwa shamba lake akiwa bado hana watoto. Zilikuja na lori, zikapangwa uani huku zimetenganishwa kwa vijiti, zikakaa kiangazi chote. Fundi alizigeuza mwenyewe. Uwanja wote ulinukia utomvu, wapangaji wakalalamika kwamba hawana pa kuanika nguo, na mama mmoja wa vyumba vya nyuma, anayeuza mitumba, akaanza kuzitundika juu ya mbao zenyewe mpaka baba akamkemea. Mbao zilipokauka zikapakwa oili chafu ya magari upande wa nyuma ili mchwa wasizisogelee.

Walianza kwa kubandua plasta. Mpango ulikuwa kubandua palipovimba tu, lakini nyundo ilipogusa, ikashuka yote. Ilikuwa imeshikana na ukuta kwa mazoea tu. Kwa siku chache nyumba yetu ilisimama mbele ya barabara ikiwa tofali tupu, nyekundu, mifereji ya udongo inaonekana. Nilipokuja mwisho wa wiki na basi sikuipenda kabisa. Nilihisi kama nimemkuta baba hajavaa shati. Yeye alikuwa ameketi ng'ambo, mbele ya duka la yule mtani wake wa vifaa vya ujenzi, kwenye kiti cha plastiki, kofia imenyooka, anatazama.

Kisha zikaanza kupanda. Fundi na msaidizi wake walianza chini kabisa, juu kidogo ya msingi, na kila mstari wa mbao ulipokaa, nyumba ilibadilika. Rangi ilikuwa ya asali. Watu waliokuwa wanacheka walianza kusimama. Dereva mmoja wa lori la mawe alipaki akashuka akashika kwa mkono. Mtani wa baba alinyamaza siku mbili tatu, halafu akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, mbao kama hizo zinapatikana wapi. Baba alinipigia simu ofisini kunieleza hilo tu. Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka.

Mbao zilifika usawa wa sakafu ya juu, pale fremu za maduka zinapoishia na vyumba vinapoanzia. Juu, papi zilikuwa zimeshapigiliwa, jukwaa la miti limeshainuliwa. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani asubuhi, lakini bado yalikuwa meupe. Jumamosi fundi aliweka sanduku lake la vifaa chini ya ngazi, akasema anapanda nyumbani kwa ajili ya ibada, Jumatatu yuko hapa.

Jumatatu hakuja. Jumanne, mimi nikiwa nimeomba ruhusa kazini, alikuja kijana wa pikipiki kutoka Gitting, akasimama barabarani, hakukaribia mlango, akamwita baba atoke. Mkwe wa fundi, mke wa mwanawe anayekaa nao pale pale nyumbani, alijifungua mtoto ambaye hakulia. Fundi anasema pole kwa kazi. Hawezi kuja.

Baba aliitikia innalillahi, akaniita, tukadhani ni msiba wa siku kadhaa. Baba alitaka kwenda kuzika. Kijana wa pikipiki akatikisa kichwa. Hakuna kwenda, alisema. Nyumba imefungwa.

Nimekulia kati ya Wairaqw na hata hivyo sidai kulielewa jambo hili lote. Wanaliita metimani. Kifo cha namna fulani kikiingia nyumbani, na kifo cha mtoto aliyezaliwa hivyo ni kimojawapo, watu wa nyumba ile hujitenga. Hawaendi kwa watu, watu hawaendi kwao. Hawashiki jembe la jirani, hawachoti maji pamoja na wengine, hawapiti katikati ya ng'ombe wa mtu. Hukaa hivyo mpaka wazee waseme basi. Watu wengi walikuwa wameshaliacha, makanisa yalilihubiri vikali, na vijana waliosoma waliliongelea kwa kucheka kidogo huku wakiangalia pembeni. Lakini mama yake fundi alikuwa hai, ajuza asiyeona tena, na ndiye aliyekuwa na neno pale nyumbani. Aliposema nyumba imefungwa, ilifungwa, uwe mzee wa kanisa au usiwe.

Nilifanya lile ambalo mtu yeyote angefanya. Nilitafuta fundi mwingine. Wa kwanza alikuwa Mwiraqw wa palepale mjini, kijana mchangamfu, akapanda ngazi, akapima kwa macho, akakubali. Aliposhuka akaona sanduku chini ya ngazi, akauliza ni la nani. Nikamwambia. Akafuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Dada, mimi nimeokoka," akasema. "Haya mambo siyaamini. Lakini nikimalizia kazi ya mtu aliye ndani, nyumbani kwangu wataniuliza."

Wa pili alikataa kwa simu. Wa tatu nilimtoa Singida, mtu asiyejua lolote kuhusu mambo haya, akafika na basi la asubuhi akiwa na vifaa vyake mwenyewe. Nikaona tumepona. Nilimwacha na baba nikaenda kununua misumari. Niliporudi nilikuta wamekaa, wanakunywa chai na maandazi, na fundi wa Singida anaaga. Baba alikuwa amemrudishia nauli.

Nilisubiri aondoke. Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa mtu hampandishii baba yake sauti, nilisema polepole mno.

"Baba, kwa nini?"

"Watu wa hapa wakikataa kushika kazi yake, hiyo ni desturi yao, na mimi siwahukumu," akasema. "Lakini mimi siyo wa desturi hiyo. Mimi nikimweka mtu mwingine, nitakuwa nimekubali mwenyewe, kwa hiari yangu, kwamba yule ni uchafu. Atakaporudi nitamwangaliaje?"

"Na mvua ikija kabla hajarudi?"

"Mvua ni ya Mungu."

"Na kifua ni cha nani?"

Alikohoa, akatafuta kitambaa, nami nikainuka kumpa maji. Ningeweza kumleta fundi mwingine kwa nguvu, lakini nyumba ilikuwa yake, na ukuta ulikuwa wake, na alikuwa na akili zake zote. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Angekuwa amechanganyikiwa ningeamua mimi.

Nilimpigia kaka. Akasema alishasema tangu mwanzo tuweke vioo.

Yule mama wa mitumba, naye, alijitolea wabadilishane vyumba: baba ahamie nyuma kwenye ukavu, yeye na watoto waje mbele. Alisema hivyo mlangoni, mtoto mgongoni, na alimaanisha. Baba alimshukuru sana, akamwombea dua ndefu, kisha akaniuliza tulipobaki wawili kama mimi ningekubali watoto wakohoe badala yake. Fremu za chini zilikuwa na wenye maduka. Kwangu Babati hakutaka hata nipataje. Alisema kitanda cha mtu hakihamishwi katikati ya kazi, na kwamba kazi bado haijaisha, imesimama tu.

Nikaenda Gitting. Nilipanda na gari la mnada mpaka kwenye njia panda, nikatembea kati ya mashamba ya ngano na njegere. Hewa ya kule juu ni baridi hata mchana. Nilipofika mbele ya nyumba ya fundi, kulikuwa na tawi limelazwa njiani. Sikuhitaji kuelezwa. Nilisimama upande wangu, nikaita hodi, nikaona aibu kwa kuita hodi mahali ambapo sikutarajiwa kuingia.

Alitoka, akaja mpaka ukingo wa shamba la viazi, akasimama pale. Katikati yetu kulikuwa na shamba zima. Alikuwa amekonda. Ilibidi tuzungumze kwa kupaza sauti, watu wawili wanaoheshimiana, kama tunauza kitu sokoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mzee anaendeleaje?"

"Anakohoa. Pole na mtoto."

"Tumeshapoa." Akatazama bondeni. "Mvua bado huko chini?"

"Bado. Lakini si mbali."

"Naona. Mimi hapa nalala naiona ile nyumba. Kichwani inasimama tu vile nilivyoiacha."

Nilimwambia kilichonipeleka. Nilimwomba amwambie baba, kwa mdomo wake au kwa simu, kwamba anamruhusu kuweka fundi mwingine. Akisema yeye, baba atakubali. Fundi alisikiliza huku ameshika kofia yake. Upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno yangu, nikalazimika kurudia, na kurudia jambo la namna hiyo kwa kupaza sauti ni mateso.

"Nilishamwambia," akasema. "Nilimpigia simu siku ile ile. Nikamwambia, Mrangi, weka mtu. Akanikatia simu. Sasa mimi nifanye nini?"

"Na mchungaji?"

"Mchungaji alikuja akasimama hapo hapo uliposimama wewe. Akasema haya mambo yaliisha. Ni kweli, kwake yaliisha. Lakini mchungaji haishi na mama yangu. Mama yangu akifa na hasira juu yangu, mchungaji atanisaidia nini?"

Nyuma yake niliona mwanamke kijana, bila shaka yule mkwe wake, amekaa kwenye kizingiti, kanga imezungushwa kifuani. Hakuwa anafanya kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefunguka. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha kwa ajili ya watu wote wa nyumba ile, na nilipomwona yeye ikaniishia, nikabaki sina hata hiyo. Nilimpungia mkono. Sijui kama inaruhusiwa. Naye aliinua wake kidogo.

Nikaondoka. Njiani kushuka nililia, si kwa uzuri, bali kwa kelele, na kwa kuwa hakukuwa na mtu sikujizuia.

Nilinunua turubai kubwa kwa yule mtani wa baba, ambaye alinisaidia kulifunga juu ya papi kwa kamba za katani, yeye na wapangaji wawili. Walijua kwa nini tunafunga. Turubai lilikuwa la bluu. Chini mbao za rangi ya asali, juu turubai. Upepo wa jioni ulipoanza, lilijaa, likavuta, likapiga ukuta, likapiga tena. Baba alikuwa ndani anasikia kila pigo. Asubuhi kamba zilikuwa zimekata papi mbili, na turubai limening'inia upande mmoja. Tukalifunga upya. Likachanika katikati.

Mvua ilikuja mchana, nikiwa kazini. Mama wa mitumba alinipigia, nikasikia kishindo cha mvua kwenye simu kabla sijasikia maneno. Maji yalikuwa yanapita kati ya tofali zisizo na plasta na kuingia ndani kwa mistari. Walisogeza kitanda katikati ya chumba. Walitandika magunia. Baba alikuwa ameketi juu ya kitanda, miguu imekunjwa, redio kifuani, anawaambia wasijisumbue.

Ilinyesha hivyo, ikikatika na kurudi, na mimi nilikuwa nakwenda na kurudi kati ya Babati na Katesh nikiwa sifai kokote. Ofisini nilikuwa naangalia dirisha. Katesh nilikuwa nakamua magunia. Nilikwangua ukungu ukutani kwa kisu, na siku iliyofuata ulikuwa umerudi. Kifua cha baba kilianza kutoa sauti kama mtu anayeburuza kiti chumba cha pili. Usiku hakulala, alikaa. Nilimsihi kwa namna zote ninazozijua. Nilimtaja mama. Nilimtajia wajukuu. Mara moja nilimwambia anafanya haya ili aonekane mwema, na aliniangalia bila hasira, akasema huenda ni kweli.

Mwishowe si mimi niliyemshinda, ni mwili. Asubuhi moja hakuweza kusimama kwa ajili ya swala, akaswali ameketi, na alipomaliza akasema, "Haya. Tafuta gari."

Mtani wake alitoa gari lake. Tulimshusha ngazi tukiwa tumemshika huku na huku, hatua kwa hatua, akipumzika kila alipotaka. Tulipofika chini nilimwona fundi. Alikuwa amesimama kando ya mlango, amevaa koti la kanisani, viatu vina matope ya Gitting. Wazee walikuwa wamesema basi. Nyumba ilifunguliwa jana yake, naye akateremka kwa miguu alfajiri asingoje gari.

Fundi akamshika baba mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, na baba akaongeza wa kushoto juu yake, wakabaki hivyo. Niliangalia mbali. Nilikuwa na mengi ya kuwaambia wote wawili, na yote yalikuwa yamechelewa.

"Nimekuja," fundi akasema.

"Nimeona. Malizia," baba akasema. "Mimi nakwenda Babati kupata dawa. Nitarudi ikikauka."

Alilazwa, akatoka, akalala katika kile chumba nilichomtandikia. Kila siku, kabla ya chai, aliniuliza habari za ukuta. Mimi nilimpigia fundi, fundi aliniambia, nami nikamwambia baba: wamefika chini ya madirisha, wamezunguka madirisha, leo mvua, hawakupanda, wamefika kwenye kenchi za paa. Aliuliza kama mbao za juu zimelaliana sawasawa na za chini. Aliuliza kama papi zilizokatika zimebadilishwa. Alikuwa anaijenga nyumba akiwa kitandani, kwa maneno yangu, na mimi nisiyejua randa wala msumeno nikajifunza kueleza vizuri. Alinenepa kidogo. Nikaanza kuamini.

Masika yalipokwisha na ukuta ukapata jua la kutosha, nilimpeleka kuiona. Lami ilikuwa imeshafika, tulikwenda taratibu, hakukohoa sana. Fundi alikuwa anatungoja. Wapangaji walitoka wote, hata watoto, na yule mtani wa ng'ambo akaleta kiti cha plastiki.

Nyumba ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo. Toka chini hadi juu mbao zilipanda bila kukatika, na kama hukujua huwezi kusema ziliishia wapi na kuanza tena wapi. Nilitafuta ule mstari nisiuone. Baba aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka kwenye kiti, akavuka barabara kwa fimbo yake, akaingia mlangoni, akafika kwenye ngazi.

Alipanda hatua ya kwanza. Akapanda ya pili. Pale akashika ukuta, na pumzi ikaanza kile kiti chake cha kuburuzwa. Tulingoja. Akajaribu tena, mguu ukainuka, haukufika. Fundi akasogea akageuza mgongo, akachuchumaa, akamwambia apande, atambeba, mbona magogo amebeba mazito zaidi.

Baba alimwekea mkono begani, lakini hakupanda.

"Ndani kumekauka?" akauliza.

"Kumekauka kabisa," fundi akasema bila kugeuka. "Jana nimelaza shavu ukutani. Kavu."

"Hata nyuma ya kitanda?"

"Hata nyuma ya kitanda."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Alikaa kwenye hatua ya pili, mahali ambapo wapangaji hukaa kufunga viatu, akapumzika. Nilikaa karibu naye. Nilitaka kumwambia tutajaribu tena mchana, au mwezi ujao, au tutajenga ngazi isiyo kali, na nilifungua mdomo, lakini yeye alikuwa anamtafuta kwa macho mama wa mitumba aliyesimama na wanawe.

"Wewe," akamwambia. "Bado unataka kile chumba cha mbele?"

Yule mama akaniangalia mimi.

"Hamisha watoto," baba akasema. "Kina jua la asubuhi."

Walihamia wiki hiyo hiyo. Kitanda nilikifuata na gari la mizigo, nikakiweka kule Babati, na baba akalala juu yake miezi iliyobaki. Alikuwa mkarimu kwangu na mwepesi wa kucheka. Asubuhi nilipomletea chai nilikuwa nangoja aulize habari za ukuta, nami nina habari zote, nimeshapiga simu mapema. Hakuuliza tena.